Mtoto mchanga hatetemeki

Dada yangu alitangulia, mimi nikafuata, na kati yetu ilikuwapo kofia ndogo ya njano ya kufuma ikichungulia juu ya mbeleko. Kofia hiyo niliitazama kwa karibu saa nne, kilima baada ya kilima. Ilipotulia nilifurahi. Nikasema moyoni, afadhali mtoto amelala, hataisikia mvua hii.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Dalili za hatari kwa mtoto mchanga nimeziandika mara nyingi, hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia. Lakini siku ile mtoto alikuwa anapoa mbele ya macho yangu, hatua mbili kutoka nilipo, nami nikadhani ni usingizi.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, Mugoma, wilayani Ngara. Ukitaja Kagera watu wengi hufikiria Bukoba, Ziwa Victoria na senene. Ngara ni Kagera nyingine. Huku ni mlima, bonde, halafu mlima tena, Burundi ikiwa upande mmoja na Rwanda upande mwingine. Sehemu za juu za wilaya hufika mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na masika yakikolea ukungu hulala mabondeni asubuhi yote. Siku ya anga safi unaiona milima ya Burundi kama iko uani kwako. Siku ya mvua huoni hata migomba ya jirani.

Tulikuwa tunampeleka mtoto kwa bibi, mama yake baba yetu, anayeishi milima minne kutoka kwetu. Miguu ya bibi haimruhusu tena kutembea mbali, na alikuwa ameagiza mara tatu aletewe kitukuu chake amwone kabla hajafa. (Bibi anakaribia kufa tangu nikiwa darasa la nne.) Mtoto alikuwa na wiki saba, chanjo za wiki ya sita ameshapata, uzito wake mzuri. Dada akasema sasa twende.

Bodaboda wa kwanza aliitazama barabara, akatutazama sisi, akawasha pikipiki yake akaondoka. Wa pili alikubali, kwa sharti kwamba tutashuka kila penye mlima ili asukume.

"Kama nitashuka kila penye mlima," dada alimwambia, "nakulipa ya nini?"

Tukatembea. Tulikuwa watatu na mtoto wa nne: dada, mimi, na mtoto wake mkubwa wa kiume mwenye miaka 12, aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani na viatu vyake mkononi. Mpango ulikuwa kuondoka saa 12 asubuhi. Tuliondoka saa mbili na nusu kwa sababu nilisubiri simu yangu ijae chaji. Hilo nalitaja mapema, kwa kuwa milimani saa mbili za asubuhi si kitu kidogo. Mvua ya huku hupenda mchana, na anayetoka alfajiri hufika kabla yake.

Hilo nililifahamu tangu miaka miwili nyuma, nilipopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Sikwenda kutalii, nilikwenda kikazi, kuandika kuhusu afya ya wapagazi, ambao huko mlimani huitwa wagumu. Lango la Machame liko karibu mita 1,800, sawa na vilele vyetu vya Ngara, na siku nzima ya kwanza unatembea ndani ya msitu wa mvua. Upande huo wa kusini ndio unaopata mvua nyingi zaidi mlimani. Tulikwenda Novemba, wakati wa vuli. Siku tatu sikuwa na kitu kikavu isipokuwa mfuko mmoja, na mfuko huo sikuwa nimeufunga mimi.

Aliufunga mgumu mmoja wa makamo baada ya kuona nilivyopanga begi langu. Alitoa nguo za kulalia, akazitia ndani ya nailoni mbili, akafunga fundo, akaniambia hizi usizivae ukiwa unatembea hata ukilia. Tembea na za jana zilizolowa. Mwili ukitembea unatengeneza joto, lakini ukisimama ndipo utakapojua kama una nguo. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba mzigo wa mgeni, ambao kwa kanuni za hifadhi hautakiwi kuzidi kilo 20, na nguo zake kavu zilikuwa fulana moja na suruali moja.

Jambo jingine nililijifunza kwa kuongoza wageni. Kila baada ya muda alikuwa akiniuliza maswali ya kijinga. Jana usiku tulikula nini? Kamba ya kiatu umefunga mguu gani kwanza? Nilidhani ananichangamsha. Baadaye tukiwa kambini alinieleza kwamba mtu aliyeingiwa na baridi hakwambii. Anaanza kujikwaa, maneno yanamlegea, anataka kukaa. Ukimwona aliyekuwa akitetemeka ameacha ghafla na bado amelowa, alisema, usishukuru. Mwili umechoka kupigana.

Sikufika Uhuru. Niliishia kambi ya Barafu, juu kidogo ya mita 4,600, kichwa kikiniuma kama kinapasuliwa kuni, nikateremshwa. Lakini koti nililonunua kwa ajili ya safari ile ninalo hadi leo, ni zuri, halipitishi tone. Siku ya Mugoma nilikuwa nimelivaa.

Mtoto alikuwa amefunikwa khanga mbili za pamba, na juu yake karatasi ya nailoni.

Mlima wa kwanza ulikuwa wa raha. Njia inapita katikati ya migomba na mikahawa, udongo mwekundu umelainika, unaweka kidole gumba cha mguu kama breki. Kila tuliyepishana naye alisimama tusalimiane, ndivyo ilivyo huku, hata kama anasukuma baiskeli yenye mikungu sita ya ndizi kupanda mlima. Mama mmoja aliyebeba ndoo alimpa mtoto baraka, akamuuliza dada anampeleka wapi na wingu lile. Dada akacheka. Watoto wa shule walitupita mbio, majani ya mgomba kichwani, wamelowa kuanzia magoti kwenda chini, daftari zimefichwa tumboni ndani ya sweta.

Mlima wa pili hauna migomba. Juu kuna nyasi, mawe na mikaratusi michache, hakuna nyumba. Hapo ndipo mvua ilipotukuta. Kwanza tuliisikia ikipiga bonde tulilotoka, kama watu wanaokimbia, halafu ikafika. Upepo uliigeuza ikawa inakuja kwa ubavu. Mwavuli wa dada ulipinduka mara mbili, mara ya tatu akaukunja akautumia kama fimbo.

Tulipoteremka tukakuta kijito kimejaa. Daraja lake ni magogo mawili, na maji yalikuwa yanayalamba. Tukasimama kusubiri yapungue, zaidi ya nusu saa, mgongo kwa mvua. Mimi ndani ya koti langu. Dada alikuwa ametokwa na jasho la kupanda mlima, mgongo umelowa kwa ndani, huku mvua ikimwingia shingoni na kushuka chini ya nailoni. Kati ya jasho na mvua ndipo alipokuwa mtoto, kwenye kitambaa cha pamba kilichoshiba maji.

Sisi tulikuwa tumetembea na damu inachemka. Yeye hakuwa ametembea.

Mtoto wa mgongoni ana tabu moja, mama hamwoni. Anamsikia. Akilia, mama anajua. Asipolia, mama anajua amelala. Mimi niliyekuwa nyuma nilikuwa naiona kofia tu, na kofia haisemi. Maji yalipopungua tulivuka mmoja mmoja, kijana akatangulia na ndizi zake, tukaanza mlima wa tatu. Nakumbuka nilimwambia dada, mwanao mstaarabu huyu, hata hasumbui. Dada akasema ndiyo, tangu kule juu katulia.

Nyumba ya kwanza baada ya kijito ni ya mama mmoja mtu mzima, peke yake na wajukuu wawili. Tulibisha tupumzike kidogo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujakaa akauliza, "Mtoto alinyonya lini?"

Dada alifikiri. Tangu asubuhi, kabla hatujatoka. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana.

Yule mama hakuuliza zaidi. Aliingiza mkono ndani ya mbeleko, si kwenye kiganja cha mtoto wala shavuni, bali moja kwa moja tumboni. Akautoa. Akaita mjukuu wake alete kitenge kutoka kwenye sanduku.

Mtoto alipofunguliwa alikuwa kama mwanasesere wa kitambaa. Macho nusu wazi. Nyayo baridi kama jiwe la mtoni, tumbo nalo baridi. Dada alimweka kwenye titi, akalishika kwa mdomo, akaliacha. Sura ya dada wakati ule sitaki kuieleza.

Mama yule alimvua mtoto kila kitu, kofia ikiwa ya kwanza maana nayo ilikuwa imelowa. Akamwambia dada avue vyake vyote vya juu. Akamfuta mtoto kwa kanga kavu bila kumsugua, akamlaza kifuani pa mama, tumbo kwa kifua, kichwa kimegeukia upande ili apumue, akawafunga wawili hao pamoja kwa kitenge kikavu, blanketi likafuata juu. Kitambaa kingine kikawa kilemba cha mtoto. Nikapendekeza tumsogeze jikoni karibu na mafiga. Akakataa.

"Moto unachoma upande mmoja," alisema. "Na moshi wa nini kwa mtoto?"

Nilikaa na simu yangu iliyojaa chaji, mtandao haupatikani. Nikatumia saa yake kuhesabu pumzi za mtoto, ndilo jambo pekee nililoweza kulifanya. Unahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, ukitazama tumbo linavyopanda. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Nilipata 44. Nikahesabu tena, 46. Kifua hakikuwa kinabonyea anapovuta hewa.

Tulikaa hivyo kama dakika 40. Kisha mdomo wake ukaanza kutafuta. Akalikamata titi, akanyonya, akaacha, akanyonya tena. Halafu akalia kwa hasira, kilio kile ambacho kwenye daladala watu hugeuka kukutazama. Dada naye akalia.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu nikiwa pale ndani, mvua ikipiga bati, ndipo niliposoma upya kwa macho yangu yale niliyokuwa nikiyaandika.

Mtu mzima akipata baridi hutetemeka. Misuli inachezacheza yenyewe ili kutengeneza joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo wa kutegemewa. Yeye amezaliwa na mafuta maalumu, ya rangi ya kahawia, yaliyokaa katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na mwili wake huyachoma ili apate joto. Kazi hiyo inakula sukari na oksijeni, na akikosa kunyonya akiba inakwisha. Kwa hiyo hatakutetemekea. Atanyamaza tu, atalegea, ataliacha titi. Aliyezoea mtoto msumbufu ataona amepata mtoto mwema.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Wazazi wengi tunaogopa likipanda, na ni sawa kuogopa. Lakini kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto lililoshuka chini ya 35.5 nalo ni dalili ya hatari, hata kama hajanyeshewa. Mara nyingine mtoto mdogo mwenye maambukizi makali hapati homa, anapoa. Ndiyo maana mtoto aliyepoa, kisha akapashwa joto na bado hanyonyi, au amelegea haamki vizuri, au anapumua harakaharaka, au amepata degedege, hasubiri kesho. Anapelekwa kituo cha afya, tena njiani akiwa amefungwa kifuani, si mgongoni.

Na ule mkono wa tumboni una maana yake. Viganja na nyayo za mtoto hupoa upesi hata akiwa mzima, zikikudanganya huku na huku. Nyayo zikiwa baridi lakini tumbo lina joto, mtoto ameanza kusikia baridi, ongeza nguo. Tumbo likiwa baridi, umechelewa, anza kazi.

Kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi ndiyo njia ileile inayotumika kwa watoto njiti katika hospitali zetu, wanaiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwamo. Watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 25, ukilinganisha na wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Habari ile niliiandika mimi mwenyewe, nikapewa hongera ofisini.

Mama yule hakuwa ameisoma. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alisema aliwaona wengi mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Aprili ni masika. Alisema neno hilo moja, kisha akainuka kwenda kutazama maharage yake.

Tulilala kwake. Dada alitaka turudi, mimi nilitaka tusonge mbele, mwenye nyumba akasema mtoto aliyepata joto harudishwi mvuani jioni. Tulikula ndizi zetu tulizokuwa tukimpelekea bibi. Usiku tulipokezana, dada kifua chake, kisha mimi changu, maana mtoto hachagui. Nilikuwa sijawahi kulala na mtoto mchanga kifuani. Hulali. Unasikiliza.

Asubuhi tulipitia zahanati ya upande ule. Muuguzi alimpima joto, 36.8, akasikiliza kifua, akamtazama anavyonyonya, akasema yuko salama. Kisha akatuuliza kwa nini mtu mwenye mtoto wa wiki saba anatoka saa mbili na nusu katika mwezi wa tatu. Dada alinitazama. Nikatazama nje.

Bibi alimpokea mtoto mlangoni, akamnusa shingoni, akasema ni baba yetu mtupu. Hakushangaa tulipomsimulia. Alituuliza tu, nguo yake kavu mliiweka wapi? Hatukuwa na nguo kavu. Tulikuwa na nguo nne za mtoto kwenye begi la kitambaa, zote zimelowa kama yeye.

Hapo akamleta babu kwenye mazungumzo, kama kawaida yake. Enzi za mkoloni vijana wengi wa Ngara, Wahangaza na Washubi, walikwenda Buganda kwa miguu kutafuta kazi kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda, kama walivyofanya wenzao wa Rwanda na Burundi. Ni safari ya siku nyingi, kuvuka Karagwe na kuendelea kaskazini, wakilala njiani, mvua ikiwanyeshea. Babu alikwenda mara mbili. Kwa maelezo ya bibi, alikuwa akibeba blanketi moja alilolikunja ndani ya kipande cha ngozi, akalifunga kwa kamba, na hakulifungua mchana hata siku moja. Mwenzake mmoja alikuwa na mablanketi mawili, akitembea amejifunika yote. Huyo alirudishwa akiwa anakohoa.

Nikamkumbuka mgumu wa Machame na fundo lake la nailoni.

Tulikaa kwa bibi siku tatu. Siku ya kurudi tuliamka saa kumi alfajiri, simu yangu ikiwa na chaji kidogo tu, sikuiulizia. Dada alimvalisha mtoto, akamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, koti langu juu yao wawili, limefika kidevuni. Mimi nilibeba karatasi ya nailoni. Vitenge viwili, kofia, nguo za mtoto na taulo vilikaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndoo ikakaa kichwani pa kijana pale ulipokuwa mkungu.

Mvua ilitukuta palepale, juu kwenye nyasi, safari hii saa mbili asubuhi, haikujali kwamba tumewahi. Dada alisimama. Alifungua vifungo viwili vya koti, akaingiza mkono, akakaa kimya kidogo huku maji yakimtiririka usoni.

"Vuguvugu," alisema. "Twendeni."